Mholanzi wa Bibi

Mtoto wa dada yangu anasoma Uholanzi, na kila anachokiona huko hutumiminia kwenye kundi la familia kwenye simu: baiskeli, mvua, jibini la duara kubwa kama gurudumu. Juzi alituma picha yake akiwa ndani ya makumbusho, skafu imempanda mpaka puani, na nyuma yake ukutani pana mchoro wa zamani wa mwanamume anayepiga udi huku anacheka. Chini kaandika: "Mama mdogo, si ndo huyu wetu?"

Simu ilinikuta pale ninapokutwa siku zote, yaani kwenye kochi, miguu juu ya kistuli, kikombe cha chai ya maziwa kimekaa juu ya tumbo kama kimejengewa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mume wangu husema nikitoka Al Khuwair kwenda Mutrah tu, hapa hapa Maskati, nastahili kuagwa kama anayekwenda Hija. Basi nikavuta picha kwa vidole viwili, nikamkurubisha yule bwana mpaka nikamwona meno. Siye. Huyu meno yake yamebanana kama watu wa safu ya mbele kwenye Sala ya Idi. Wetu alikuwa na mwanya. "Siye," nikamjibu. "Huyo labda mtoto wa ami yake."

Lakini chai ikanipoa, maana mwenyewe sikuwapo tena kwenye kochi. Nilikuwa nimerudi ukumbini kwa Bibi, sakafu ya vigae inanipoza mapaja, pua imejaa bizari ya kukaanga na ubani wa Alasiri, na juu ya kichwa changu Mholanzi wetu anacheka.

Bibi, mama yake Baba, alikuja Maskati kutoka Unguja akiwa tayari mama wa watoto, na alichokuja nacho hakikujaza mkoba mmoja. Vyombo vilibaki, picha zilibaki, udi wa Babu ulibaki unaning'inia kwenye ukuta ambao sasa ni wa watu wengine. Babu mwenyewe alifika naye, lakini alifariki kabla sijazaliwa, na sura yake iliyosalia ni moja tu, kwenye pasi ya kusafiria, anamtazama mpiga picha kama mtu aliyeambiwa avute pumzi akakataa. Vilivyofika salama vikadumu ni viwili: sauti ya Bibi, na wifi yake.

Wifi huyo ni Bi Thuraya, dada wa Babu. Alikaa Madinat Sultan Qaboos kwa mwanawe, na kila Alkhamisi dereva alimleta kwetu asubuhi. Hawa wawili walikuwa wasichana wa mtaa mmoja kabla ya kuwa mawifi. Jikoni Bibi aliimba, Bi Thuraya akapiga sinia kwa vidole vyenye pete, kisha wakagombania maneno ya wimbo, "Sivyo!" "Ndivyo, we umesahau!" mpaka mchuzi ukashika chini ya sufuria. Waliowajua wakiwa wadogo walikuwa wameondoka duniani mmoja mmoja; wamebaki wao kwa wao wa kuulizana, "Wamkumbuka fulani?" Hilo nalielewa sasa. Wakati ule nilielewa tu kwamba Alkhamisi nyumba ina muziki, na kwamba Bi Thuraya huja na mkate wa kumimina na mimi hukatiwa ule ukingo ulioshika moto, ambao ndio mkate wenyewe, kwingine kote ni mchele uliosagwa.

Mchana nilishinda hapo kwa Bibi, maana Mama alikuwa akisomesha. Watoto wenzangu walikuwa nje juani wanacheza mpira. Mimi nilikaa ndani nikikunja manda za sambusa na kusikiliza mazungumzo yasiyonihusu, kipaji ambacho sijakipoteza mpaka leo.

Ikatokea Bi Thuraya akaenda Uholanzi kumtazama mtoto wake mwengine aliyekuwa kazini huko, na akarudi na zawadi za watu wote. Mimi nilipata chokleti zilizoyeyuka njiani zikaganda upya, huwezi kujua ipi imeanzia wapi. Baba alipata jibini lililonuka mpaka likapewa nafasi yake nje ya nyumba. Na Bibi akapata mzigo mpana, bapa, dereva kaukumbatia kama anahamisha mlango.

Bi Thuraya aliuegemeza kwenye kiti akauchana karatasi kwa mikono yake. Ulikuwa mchoro uliochapwa, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Mwanamume kakaa mezani kapakata udi wa nyuzi. Kavaa kofia pana yenye unyoya, na kola ya lesi nyeupe utafikiri kavuta kitambaa cha meza shingoni. Mashavu mekundu, mdomo wazi, macho kayapeleka pembeni kama kuna mtu kaingia sasa hivi. Mezani pana glasi, ndimu iliyomenywa nusu ganda lake linaning'inia, na mshumaa uliozimika. Uzi mmoja wa udi umekatika na kujikunja hewani.

"Wifi," alisema Bi Thuraya, na uso unamng'aa, "mtizame."

"Nani huyu?"

"Sikwambii. Mtizame vizuri, utajua mwenyewe. Ukishajua nipigie simu."

"Thuraya, mie mafumbo nshaacha."

"Utajua tu!" Mwanawe alikuwa garini anapiga honi, wanachelewa kwenda kumwona mgonjwa. Akatoka mbio mbio anacheka peke yake.

Wenzangu mliolelewa na mabibi wa Kizanzibari mnaona hapo mambo yanakoelekea. Kwa mabibi wale hakuna zawadi bubu. Mtu akikuletea kanga, kwanza unasoma maneno yaliyoandikwa pindoni, kisha unajiuliza kwa nini kachagua hayo na kwa nini leo, kisha unamwita shoga yako asome naye, kisha ndo unasema ahsante, kama bado unataka kuisema. Maua ya kanga hayatazamwi na mtu. Sasa unamletea Bibi kitu kikubwa kiasi kile, hakina neno hata moja, unamwambia utajua mwenyewe, unaondoka unacheka. Unategemea nini?

Kesho yake baada ya Alasiri akaitwa Bi Zamzam, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye kabati lake la kanga lilikuwa ghala la silaha. Alikuwa na kanga ya kumjibu kila mtu, na nyingine za kuwajibu watu ambao hawajasema kitu bado. Akausogelea mchoro mpaka pua karibu iguse kioo.

"Uzi umekatika," akasema. "Nani mwimbaji nyumba hii?"

"Mimi," akasema Bibi.

"Basi. Sauti yako imekatika. Ndo anavokwambia."

"Thuraya?"

"Sisemi mimi, yasema picha. Na hii glasi, tizama. Tupu. Mtu aja kwako hapati hata maji ya kunywa."

"Alkhamisi ile kamaliza buli zima!"

"Na ndimu. Ndimu ni nini, Bi Zuwena? Si uchachu? Na mshumaa kauzima... hapo usinlazimishe kusema."

"Sema."

"Mjane hapa ni wewe, si mimi."

Bibi alikuwa kashika kikombe cha kahawa bila kukinywa. "Na anacheka," akasema polepole.

"Anacheka, tena kwa pembeni. Hapo sasa ndo pabaya kabisa."

Lazima niseme kitu kuhusu macho ya Bibi. Yalikuwa na ukungu, na miwani alikuwa nayo, lakini aliivaa kwa kusomea Kurani tu, chumbani, mlango umefungwa. Mbele ya watu haivai. Miwani, alisema, ni ya watu wazima, na alilisema hilo akiwa na vitukuu. Kwa hiyo mchoro ule yeye aliuona kama wekundu na udongo uliochanganyika. Kila kilichokuwamo alisomewa na Bi Zamzam, na Bi Zamzam alisoma pindo lote, vyombo vyote vya mezani, maua hakuyagusa.

Nimekuja kusoma ukubwani, kwenye simu hii hii na kwa elimu yangu hii ya sekondari, kwamba wachoraji wale wa Kiholanzi nao walikuwa watu wa mafumbo. Uzi uliokatika, glasi iliyokwisha, mshumaa, ndimu nzuri kwa macho na kali mdomoni, vyote waliviweka kwa makusudi: umri unapita kama muziki, unausikia, unaufurahia, mara kimya. Wanamchora mtu katikati ya vyote hivyo, halafu wanamchora anacheka. Kwa hiyo Bi Zamzam hakuwa mjinga hata kidogo. Alijua kusoma barua, alikosea anwani tu.

Mimi nami, chini pale na manda zangu za sambusa, nilikuwa na usomaji wangu. Sikuwa na shaka hata chembe kwamba yule ni Babu.

Angekuwa nani mwengine? Nilichokuwa nikiambiwa siku zote ni kwamba Babu alikuwa akipiga udi, akipenda tarbushi, mweupe wa mashavu kuwa mekundu akicheka, na akicheka meno yote yako nje. Haya, huyu hapa. Kofia niliipokea kama tarbushi ya sikukuu. Ile lesi sikuishangaa, kwa sababu nilivyosikia mimi, Unguja kila kitu kilikuwa kizuri zaidi. Rangi ndo kabisa haikunisumbua: kwenye ukoo wetu wapo weusi wa kung'aa na wapo weupe wa kuungua jua kwa kufungua geti tu, na wote wanaitana mtoto wa ami. Sikumwuliza mtu, maana hakuna anayeuliza kitu ambacho wote wanakijua.

Kwa hiyo Bi Zamzam alipoisema glasi, nilielewa kwamba Babu kaimaliza. Aliposema mshumaa umezimwa, nilielewa kwamba alikuwa na tabia ya kuchelewa kurudi nyumbani. Bibi alipouliza kwa uchungu, "Na anacheka?" nikamwonea huruma sana, kuolewa na mtu wa namna ile. Usiku huo nilimwombea: Ya Rabbi, msamehe Babu ile glasi, pengine ilikuwa sharbati.

Bibi hakupiga simu. Bi Thuraya akangoja. Alkhamisi ikaja, gari halikuja. Mchoro ulikuwa umetundikwa ukumbini siku ile ile ulipofika, na wakati wa Sala ulifunikwa kwa kanga, isije ikawa tunamsujudia mpiga udi. Mimi nikiona Babu kafunikwa nilitembea kwa vidole, nikijua kalala. Lakini sasa Bi Zamzam akatoa shauri. "Usiutupe. Ukiutupa atajua umeumia. Mgeuze uso ukutani. Habari zitamfikia."

Habari zilimfikia. Baba alikwenda kumwamkia shangazi yake, akarudi anakuna kidevu.

"Mama, Bi Thuraya analia."

"Alilia nini?"

"Hasemi. Anasema wewe unajua. Anasema, 'Kamgeuza uso ukutani?' kisha analia tena. Na Idi haji."

"Asije."

"Mama, hii ni picha tu."

"Na kanga ni nguo tu?"

Baba akatafuta kofia yake akaenda Sidab kununua samaki, kama alivyofanya kila mazungumzo yakimshinda.

Kilichoniumiza mimi hakikuwa mkate wa kumimina peke yake, ingawa sitasema uongo, ulikuwamo. Bibi aliacha kuimba. Jikoni ikawa inasikika mafuta yanachemka na feni basi. Nilimwuliza siku moja mbona haimbi, akasema koo linamkwaruza, na akajishika shingo pale, kidogo tu, kama anahakikisha kitu bado kipo. Aliamini. Mwanamke aliyeimbia harusi za mtaa mzima alikuwa kaanza kuamini kwamba sauti yake imekwisha, kwa sababu ya uzi mmoja kwenye karatasi. Mimi nilidhani anamkasirikia Babu. Tulikuwa wawili jikoni, kila mtu na msiba wake, tunakunja sambusa za Idi.

Ikafika siku ya mwisho ya Ramadhani. Baada ya Alasiri Bi Zamzam alikuja kusaidia kuoka vileja vya Idi, na Bibi akanawa mikono akasema, "Skukuu haiingii nyumba hii na kitu hicho ukutani." Akautungua mchoro. Akaulaza sakafuni, kifudifudi, akaenda chumbani, akarudi na shuka. Nyeupe. Akaanza kumkunja ndani yake, huku na huku, na kuzifunga ncha.

Nyinyi mnaona fremu na shuka. Mimi niliona Bibi anamvisha Babu sanda.

"Bibi usimzike!"

Bi Zamzam aliangusha kijiko. "Nani anazikwa?"

"Babu!" Nilikuwa nimeshalala juu ya furushi, unga mikononi, machozi na kamasi. "Msamehe Bibi, keshatubu! Mie nshamwombea!"

"Babu gani, mwanangu?" akauliza Bibi.

"Babu yangu! Huyo uliyemfunga!"

Bi Zamzam alicheka mpaka mtandio ukamwanguka begani. "Mzungu huyo na likofia lake? Bi Zuwena, ulituficha! Kumbe ulikuwa na Mzungu na hatuna habari!"

Bibi hakucheka. Alichuchumaa akanifuta pua kwa pindo la kanga yake. "Nani kakwambia ni Babu yako?"

"Hajanambia mtu. Si anapiga udi? Si anacheka? Si ana mwanya kama wa Baba? Na kama wangu?" Nikafunua mdomo kumwonyesha ushahidi. Wakati ule mbele hapakuwa na jino hata moja, yote mawili yalikuwa yameng'oka, kwa hiyo nilikuwa na mwanya wa kupitisha kikombe.

Bibi aligeuza uso kwa Bi Zamzam. "Ana mwanya?"

Bi Zamzam akanyamaza. Ni mara ya kwanza nilimwona akinyamaza kabla ya kumaliza kucheka. "Mwanya... Mwenzangu, mie nilitizama mezani."

"Nenda kaniletee miwani yangu," Bibi akaniambia.

Nikamwangalia kwa mshangao, maana kitu hicho hakitajwi mbele ya watu.

"Hiyo hiyo unayoijua. Nenda."

Akaivaa. Bi Zamzam akatazama pembeni kwa adabu, kama mtu aliyefungua mlango wa choo bila kubisha. Bibi alifungua shuka, akamsimamisha Mholanzi kwenye kochi, akamtazama. Kisha akasema, "Zamzam, nifunikie hilo likofia."

Bi Zamzam akavuta ncha moja ya kanga yake akaifunika kofia, unyoya na vyote.

"Na hiyo kola."

Akafunika kola kwa ncha ya pili. Ukabaki uso peke yake katikati ya ncha mbili za kanga, mashavu, macho yamekwenda pembeni, meno, mwanya.

Bibi akakaa chini, pole pole, mkono umeshika kochi. "Nasor," akasema. Lilikuwa jina la Babu. Alimtazama kwa muda, mimi nikiwa nimeshika nguo yake, kisha akamwambia yeye, si sisi: "Nawe umekaa hapa siku zote hizi, hunisemeshi?"

Simu ilikuwa juu ya kimeza cha ukumbini, na Bibi alikuwa na desturi ya kuishika mbali na sikio, kwa hiyo sote tulihudhuria.

"Thuraya."

"Nani?"

"Nani mwengine akwita Thuraya bila ya Bi?"

"Ushamwona?"

"Nshamwona."

"Umekawia."

"Miwani, wifi."

"Miwani gani? Wewe una miwani?"

"Ninayo. Ukimwambia mtu ntakukana."

Hapo nikasikia Bi Thuraya anacheka na kulia, vyote kwa pamoja, sauti inapanda na kushuka ndani ya simu. "Mie nlikuwa nnatafuta choo, wifi! Mule makumbusho. Nnapita dukani kwao nkamwona kaka yangu ukutani ananicheka. Nkakaa chini pale pale, mwanangu akadhani nimeanguka. Nkasema huyu simtii kwangu, nampeleka kwa mkewe. Nkangoja simu. Nkangoja. Nasikia umemgeuza uso ukutani! Nkasema haya, keshamsahau."

"Nilidhani wantukana."

"Nikutukane kwa Mzungu? Nikitaka kukutukana mdomo wangu u wapi?"

Bi Zamzam alikuwa kajishughulisha sana na vileja.

"Kuja," akasema Bibi.

"Sina hamu."

"Kuja na mkate."

"Umo ndani ya oveni," akasema Bi Thuraya, "kwani ulidhani skukuu ntaukosa?"

Alifika jua halijazama, mkate umefungwa kwa taulo, na hawakusalimiana. Walishikana tu mlangoni, mmoja mnene mmoja mwembamba, wakayumba kama wanataka kuanguka, kisha wakaja kukaa mbele ya mchoro bega kwa bega. Bi Thuraya alimtambulisha upya, kitu kwa kitu.

"Ule uzi. Siku gani kaka yangu alimaliza wimbo hajakata uzi?"

"Hakuna," akasema Bibi. "Akiupiga udi kama anafukuza paka."

"Na ndimu. Hapigi mpaka apewe maji ya ndimu, ati yanalainisha vidole."

"Vidole! Glasi nzima, mie nakoroga sukari."

"Na mshumaa?" akauliza Bi Zamzam kwa sauti ndogo, maana alikuwa na haki ya kujua.

"Umeme wa mtaa wetu, mwenzangu," akasema Bi Thuraya. "Ukikatika tunawasha mshumaa, Nasor akianza kuimba anauzima kwa pumzi."

"Na sauti hana."

"Hana, wallahi. Wala udi haujui."

"Haujui kabisa!" akasema Bibi, kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia mtu akiisema juu ya aibu ya mumewe. Walicheka mpaka wakashikana magoti. Bi Thuraya akasogeza sinia ya vileja, akaviondoa, akaanza kuipiga kwa pete zake. Bibi akakohoa kidogo, akajishika shingo, akaanza. Mstari wa kwanza ulitoka na vumbi. Wa pili ukasimama. Kufika wa tatu Bi Thuraya akasema, "Sivyo!" na Bibi akasema, "Ndivyo!" na mimi nikajua Idi imeingia, mwezi uonekane usionekane.

Mimi nilitangazwa mwenye akili kuliko wote nyumba ile, cheo ambacho sijakipata tena mahali popote, si shuleni wala kwa mume. Nilikatiwa ukingo wa mkate pande zote. Kwamba nilimdhania Mholanzi mwenye kola ya lesi kuwa mtu wa Malindi ya Unguja, hilo hakuna aliyelitaja kama kosa, na mimi sikuona haja ya kuwakumbusha.

Baada ya Idi ndipo ugomvi mpya ulipozuka, na huo haukwisha mpaka walipokwisha wenyewe. Bi Thuraya alitaka akae na Mholanzi kwake kidogo.

"Ulimleta mwenyewe," akasema Bibi. "Zawadi hairudi."

"Simrudishi mimi, namwomba japo siku chache."

"Ni mume wangu."

"Kaka yangu kabla hajawa mume wako."

Baba akaitwa kuamua, akaenda Sidab kununua samaki. Wakaamua wenyewe: atakaa kwa zamu, kipindi Al Khuwair, kipindi Madinat Sultan Qaboos. Dereva akatoka naye kwa heshima, akamweka kiti cha nyuma, akamfunga mkanda. Bi Thuraya akakaa mbele. Fremu ilihitaji mtu wa kuishika kwenye kona, na mimi, niliyekuwa nikilia nikitakiwa kufika dukani tu, nikapanda bila kuambiwa, nikamkumbatia. Bibi alikuja mpaka dirishani, jua linamchoma, akanyoosha mkono akapangusa kioo cha fremu, pale penye shavu.

"Thuraya," akasema, "usimtundike karibu na jiko, mafuta yatamharibu. Na akiuliza habari zangu, mwambie sijambo. Mwambie bado naimba."